Watu Sitini na Moja

Escobar, Argentina
11 Februari 2003

Kompadre Saturnino,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kreti la vitunguu na mikono ina udongo, kwa hiyo usishangae karatasi ikikufikia chafu. Jana asubuhi tulikuwa tunang'oa figili, redio tumeitundika kwenye uzio kama kawaida. Nikasikia Sirapata, kijiji chetu kule nyumbani. Hivi lini umewahi kusikia Sirapata ikitajwa redioni? Wakasema mlima umeshuka, matope yamebeba nyumba sita na kanisa. Figili zikanidondoka. Halafu yule mtangazaji akasema kijiji hicho kina watu sitini na moja, na wote sitini na moja wamepatikana wakiwa hai.

Nilipiga magoti palepale kwenye matuta. Edilberto, huyu mwanao wa ubatizo aliyetufanya kompadre na komadre, alikuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

"Bibi yako yuko hai!" nikamwambia.

"Sasa mbona unalia?"

"Nyamaza, kalete maji."

Basi Kompadre, nambie. Mama yuko kwa nani? Kama yuko kwenu, mwambie mkeo Asunta amvumilie, maana najua ameshaanza kumpangia jiko upya. Asimpe vile viazi vilivyokaushwa kwa baridi kabla havijalowekwa sawasawa, tumbo lake halivitaki. Na kondoo wake je? Na yule mbwa, Sargento, bado ana kiburi?

Mama hajui kuandika, siku zote wewe ndiye mkono wake. Kaa naye, aseme, uandike kama anavyosema. Hata akitukana, andika.

Barua nampa dereva wa basi la Jumanne, ataiacha kituoni Sacani, mkaichukue.

Komadre wako,
Teodosia


Sirapata
24 Februari 2003

Komadre Teodosia,

Barua yako imefika, na udongo wako nimeuona. Nimefurahi kusikia mko wazima, wewe na Edilberto.

Huku ukija leo huwezi kujua umefika wapi. Mlima Ankari umechanika upande wa mashariki kama gunia. Mto haupiti tena nyuma ya kanisa, na lenyewe kanisa halipo. Sasa unapita katikati, pale ilipokuwa nyumba ya Crispín. Shule imebaki, uwanja wa mpira umebaki, nyumba za upande wa makaburi zote zimebaki. Kengele ya kanisa tumeikuta mbali, karibu na daraja, imejaa matope mpaka ulimi hauchezi. Sisi tumepoteza kondoo kumi na wanne na yule ng'ombe mwekundu. Asunta anakohoa lakini anatembea. Wanajeshi walikuja na mahema, na serikali imeahidi mabati.

Kuhusu mama yako, bado hatujaweza kuzungumza naye. Njia ya kwenda kwake, ng'ambo ya korongo, imekatika. Unajua mwenyewe, mvua ikizidi huwa anapanda na kondoo wake kile kibanda cha juu. Mambo yakitulia nitakuandikia.

Asunta anakusalimu sana.

Kompadre wako,
Saturnino Colque


Escobar
15 Machi 2003

Kompadre,

Umeniandikia habari za mto, za kengele, za kondoo kumi na wanne na ng'ombe mwekundu. Mama yangu umempa mistari minne. Nimeihesabu.

Kama hamjazungumza naye, huyo aliyempata ni nani? Redio ilisema wote wamepatikana.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini nikapiga simu ofisi ya mkoa. Akapokea kijana mmoja mwenye adabu, akafungua orodha.

"Fortunata Yucra? Hayumo, mama."

"Angalia vizuri. Ana miaka sabini na minne. Nyumba yake iko ng'ambo ya korongo."

"Ng'ambo ya korongo hakuna nyumba, mama. Ramani ninayo hapa mezani."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa ndani ya nyumba hiyo."

Akasema labda nimekosea jina la kijiji.

Kompadre, ramani ile umeichora wewe. Mwaka ule wa sensa uliniandikia kwa majivuno kwamba karatasi yako imebandikwa ukutani shuleni, na watoto wanaisoma kila Jumatatu: kaskazini Mlima Ankari, kusini daraja, nyumba kadhaa, watu kadhaa. Nilimsomea Edilberto tukacheka, nikasema tazama baba yako wa ubatizo amekuwa profesa.

Nakuuliza jambo moja tu. Mama yuko hai?

Teodosia


Sirapata
2 Aprili 2003

Komadre,

Hayuko hai.

Neno hilo nimeliandika asubuhi, na sasa jua linashuka ndiyo naendelea. Nimekaa shuleni, kwenye dawati la watoto, magoti yananigusa kidevu. Nyumbani siwezi kuandika, Asunta ananitazama. Nitaandika kama ninavyosema. Mimi niliishia darasa la tano, hilo unalijua.

Unakumbuka ugomvi wa malisho ya ng'ambo. Sisi tunasema ni yetu tangu enzi za babu zetu. Majirani zetu wa Challwani wanasema korongo ndiyo mpaka, na kila kilicho ng'ambo ni chao. Vichwa vimepasuliwa kwa ajili ya yale majani, hata marehemu baba yako alikuwa na kovu. Basi ilipokaribia sensa, mimi kama karani wa kijiji nikapewa karatasi nichore Sirapata yote, mto, njia, na kila nyumba na namba yake, ili wanaohesabu wajue wapite wapi. Nikachora nyumba kumi na tisa. Nilipofika kwa mama yako kalamu ikasimama. Nikawaza, nikiichora ng'ambo, wakubwa wataona imevuka korongo, wataiandika Challwani. Mama yako atahesabiwa kule, na malisho yatamfuata. Nikiichora upande huu, mtu yeyote akija kutazama ataniumbua. Nikaona afadhali nisiichore kabisa.

Mkutano wa kijiji ulikubali. Ila nisiwasingizie watu, wao waliinua mikono tu. Wazo lilikuwa langu.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, siku tatu kabla ya sensa. Nilimkuta mlangoni anasokota sufu. Akanipa sahani ya mahindi ya kuchemsha na kipande cha jibini.

"Mama Fortu, kwenye ramani sikukuweka."

"Kwa hiyo mimi sipo?"

"Upo, ila kwenye karatasi hutaonekana. Ni kwa ajili ya malisho."

Akacheka mpaka uzi ukakatika. "We Saturnino, tangu uko mdogo ukihesabu kondoo lazima umsahau wa mwisho. Haya, kama mimi sipo, hayo mahindi unayotafuna kapika nani? Rudisha sahani yangu."

Nikamwambia basi siku hiyo aje alale kwetu, ahesabiwe nyumbani kwangu. Kwa sababu sheria ya sensa ilikuwa hivyo, unaandikwa pale ulipolala, na siku nzima hakuna kutoka nje.

"Na hawa majike wangu wanaokaribia kuzaa, wahesabiwe na mbweha?" akasema. "Nenda zako. Miaka sabini na kitu nimekaa bila kuhesabiwa, sijapungua."

Asubuhi ya sensa alikuja binti mmoja wa mjini, kofia kichwani, penseli sikioni. Akaniuliza, "Usiku wa jana walilala watu wangapi nyumba hii?" Nilikuwa na nafasi ya kusema watano, Komadre. Jina la mama yako lilikuwa hapa kwenye ulimi. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya mkutano kwamba nitajibu kweli kila nitakachoulizwa, na nilijiona mtu mkubwa siku ile. Nikasema wanne. Ukweli wenyewe ulikuwa huo, walilala wanne. Uongo wangu wa kwenye ramani na ukweli wangu wa mlangoni vilisaidiana kumfuta.

Orodha ya wanakijiji nikaitunza vizuri mno. Alipokufa Crispín nilimtoa, alipozaliwa mjukuu wetu nilimwingiza. Sitini na moja, sitini na moja. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna karani katika mkoa mwenye hesabu safi kama yangu.

Sasa nikuambie ile Ijumaa.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nne. Mlima ulishuka saa sita mchana, watu wengi walikuwa nje wakihamisha mifugo, ndiyo maana walipona. Saa tisa wakafika wanajeshi na magari mawili, kamba, na lile jitu la mashine ya kuchimba. Wakatukusanya uwanja wa mpira. Afisa wao alikuwa na orodha yangu mkononi. Akaita majina, moja moja. Watu wanaitika huku wanatetemeka. Alipofika la mwisho akasema, "Sitini na moja! Wote!" Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Ng'ambo hatukuona kitu, ukungu ulikuwa umejaa korongoni. Lakini tulisikia. Sargento alikuwa anabweka, bila kupumzika.

Afisa akaniuliza, "Yule mbwa wa nani? Kuna watu kule?"

Pembeni yake alikuwa amesimama Nemesio Poma, mkuu wa Challwani. Alikuja na koleo kutusaidia, sikatai. Alikuwa amesimama na koleo lake, ananisikiliza. Nikasema moyoni, nikitamka kwamba kuna nyumba, karatasi yangu ni ya uongo, na Nemesio huyu hapa shahidi. Nikasema moyoni tena, bibi yule atakuwa ameshapanda kibandani, nitakwenda mwenyewe kesho.

Nikamjibu, "Ng'ambo hakuna kitu, bwana. Malisho tu. Huyo ni mbwa wa wachungaji."

Watu wa Sirapata wote walisikia. Asunta alinivuta shati kwa nyuma. Nikamtoa mkono.

Wakaondoka saa kumi, kuna kijiji kingine kilikuwa kinawaita. Saa kumi na moja mlima ukashuka mara ya pili, safari hii upande wa ng'ambo. Ulisikika kama magunia ya mahindi yanamwagwa, muda mrefu. Nilibaki nimesimama, nangoja mbwa abweke. Akabweka. Nikafurahi, nikasema kama mbwa yupo, na mwenyewe yupo.

Kesho yake tulivuka kwa kamba, mimi na wanaume wawili. Kibandani hapakuwa na mtu wala alama ya moto. Chini, pale penye nyumba, hata mti wa mlangoni haupo. Ni matope tu, yametulia kama uji kwenye bakuli, na Sargento amelala juu yake. Tulichimba siku mbili kwa majembe, tukashindwa. Kuwarudisha wanajeshi na mashine yao sikuwarudisha, maana ningewaambia waje kumchimba nani?

Ilipofika siku ya nane sikuwa na nguo za kufua. Marehemu wetu wote hufuliwa nguo zao mtoni siku hiyo, waondoke safi, na anayefua si damu yao, ni kompadre wa nyumba. Yaani ilikuwa zamu yangu. Nilikwenda mtoni mikono mitupu, nikakaa, nikarudi.

Mbwa bado yuko kule. Kila siku nampelekea chakula. Mpaka niondoke ndiyo anakula.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia ujue.

Saturnino


Escobar
20 Aprili 2003

Bwana Saturnino,

Habari ya kompadre imeishia hapo.

Alikuwa hai mpaka saa kumi na moja. Nalirudia hilo nikichimba, nikila, nikifunga mchicha mafungu. Saa nzima jitu la kuchimba lilikuwa Sirapata na mama yangu alikuwa hai.

Edilberto alisoma barua yako mara mbili, akachukua jembe akatoka. Namsikia tu huko, analima mahali tulipolima jana.

Nimekwenda ubalozini kuomba cheti cha kifo. Wameniambia hawawezi kumwandikia kifo mtu ambaye hakuwepo. Hivyo ndivyo walivyosema, na hawakuwa na ubaya, walikuwa wanasoma karatasi yako.

Unasema huombi kitu. Mimi naomba. Nenda kwa yule afisa. Nenda mbele ya mkutano, mbele ya Nemesio, mbele ya watoto wa shule. Sema ng'ambo kulikuwa na nyumba, sema jina la aliyekuwa anakaa ndani, sema nani aliwaambia hakuna kitu. Kisha mtoeni mama yangu kwenye matope. Mkinyang'anywa malisho, mnyang'anywe. Wakikuchapa, wakuchape.

Usiniandikie tena mpaka hayo yamefanyika.

Teodosia


Sirapata
8 Juni 2003

Komadre,

Kama hutaki nikuite hivyo, liruke neno hilo unaposoma.

Nilisema. Nilianza na mkutano wetu. Nilidhani watapiga kelele, lakini kila mtu alitazama viatu vyake, maana wote walikuwa uwanjani siku ile. Wakaninyang'anya muhuri wa kijiji. Kwa desturi yetu nikapiga magoti, mzee Policarpo akanichapa viboko vitatu. Cha tatu alikipiga huku analia. Akasema, "Na mimi nilimsikia yule mbwa, Saturnino."

Kisha nikaenda mjini kwa afisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Nilikuuliza, siyo?" Nikasema uliniuliza. Akaniambia mashine imeshapelekwa mbali, ataandika barua. Nikaona barua itachelewa.

Nikaenda Challwani peke yangu, kwa miguu. Wake zao waliponiona wakaita mbwa. Nemesio alikuwa anatengeneza nira. Nikamweleza yote, pamoja na ile ramani.

"Kumbe hamkumchora?" akasema.

"Hatukumchora."

Akaweka nira chini, akakaa juu ya jiwe. "Na sisi hatukumchora. Tulisema ni mtu wenu, tukimwandika mtadai tumekubali nyumba yenu iko kwetu."

Tulikuwa wazee wazima wawili, hakuna wa kumcheka mwenzake. Mwisho akasema, "Kesho nakuja na watu." Akaja na thelathini, wanaume kwa wanawake, makoleo begani, na mahindi yao ya kula. Walichimba pamoja nasi siku nne. Hakuna aliyetaja majani.

Sargento ndiye aliyetuonyesha. Kila tukichimba kwingine anarudi palepale, analala. Siku ya tatu Nemesio akasema, "Tumsikilize huyu, sisi tumeshindwa kumsikiliza mara ya kwanza." Tukachimba alipolala.

Hili linalofuata ningeweza kukuficha, Komadre. Nimefikiria siku nyingi. Lakini nimeshaficha vya kutosha.

Tulimkuta mlangoni, upande wa ndani. Alikuwa amevaa kofia yake ya sikukuu, ile nyeusi yenye utepe, na vile viatu ulivyomletea ambavyo alisema ni vya kuzikiwa. Furushi lake lilikuwa limefungwa tayari mgongoni. Ndani tulikuta sketi mbili, shali ya bluu, na kitambulisho kimeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa amesikia magari ya wanajeshi. Alijiandaa, Komadre. Alikuwa anangoja wamfikie.

Tumemzika upande wetu wa makaburi, na watu wa Challwani ndio waliobeba jeneza kuvuka korongo. Kofia na viatu amekwenda navyo. Cheti nimekiweka humu ndani, afisa alikitia sahihi mwenyewe. Jina liko kamili, na mahali pamesemwa: nyumba namba ishirini, ng'ambo ya korongo, Sirapata. Challwani wametia dole gumba kwamba hawana neno. Malisho tutayajadili baada ya mavuno, kwa amani ikiwezekana.

Jumatatu nilikwenda shuleni na kalamu. Nikaichora nyumba. Nikachora na mti wa mlangoni. Chini pale palipoandikwa watu sitini na moja nikamwambia mwalimu afute, aandike sitini na mbili. Yule mwalimu ni msichana mpole. Alinitazama, akasema polepole, "Don Saturnino, sasa hivi ni sitini na moja kweli."

Nikarudisha kalamu mfukoni. Watoto wakasimama wakasoma kama kila Jumatatu. Kaskazini Mlima Ankari, kusini daraja, nyumba zilizobaki, watu sitini na moja. Kwa miaka yote ile walikuwa wanasoma uongo wangu kwa sauti. Sasa ni kweli, na ni mimi niliyeufanya uwe kweli.

Limebaki jambo moja. Zile sketi mbili na shali bado zina matope. Siku ya nane tangu mazishi ilipita, ya kumi na tano ikapita. Watu waliniambia, "Si wewe ndiye kompadre, zifue." Sikuthubutu kuzigusa, na kumpa mtu mwingine nilishindwa pia. Ziko kwenye gunia, nimezitundika juu watoto wasizifikie. Niambie nani azifue.

Saturnino Colque


Escobar
30 Juni 2003

Bwana Saturnino,

Cheti kimefika. Nimekiweka ukutani, pale tulipokuwa tunatundika kalenda. Edilberto anasimama anakisoma kila akipita, hasa pale penye namba ya nyumba.

Ile habari ya kofia niliisoma mwenyewe, yeye sikumsomea. Siku moja nitamsomea.

Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Msamaha ningekuwa nao ningekutumia. Novemba tunakuja, kwa sikukuu ya wafu. Mwambie Asunta mkate wa kumwekea mama siku hiyo nitaukanda mimi. Mbwa mumwache alale anapotaka.

Kuhusu zile nguo. Shali ile haipendi maji moto, itajikunja. Ifue kwa maji ya mto, juu, kabla mto haujafika kijijini, maana mama hakupenda kufulia maji yaliyopita kwa watu. Sabuni kidogo. Usikamue kwa nguvu, ikung'ute tu, anika kivulini. Sketi ndizo unazoweza kuzisugua.

Zifue wewe. Ukimaliza, vuka nazo, uzianike ng'ambo.

Teodosia